Kiongozi wa Mlimani Anajibu kwa Nani?



Noti ya shilingi 500, ile tuliyokuwa nayo kabla sarafu haijachukua nafasi yake, ilikuwa na jengo upande wa nyuma. Tuliikunja, tukaifunga kwenye pindo la khanga, tukampa kondakta wa daladala, na sidhani kama wengi wetu tuliuliza jengo lile ni la wapi. Ni Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Serikali iliuweka ukumbi huo kwenye fedha ya nchi, na ni humo humo ambamo vijana wa nchi wamesimama mara nyingi kuiambia Serikali mambo isiyopenda kuyasikia.

Leo nataka tuzungumze juu ya uongozi wa wanafunzi wa Mlimani: ulikoanzia, majina uliyopitia, na namna ulivyofika kuwa serikali yenye rais, waziri mkuu, mawaziri na bunge lake. Nautoa msimamo wangu mapema usije ukakaa kuungoja. Mimi sidhani kama uongozi ule umekua kwa sababu vyeo vimeongezeka. Umekua pale tu lilipoulizwa swali hili: kiongozi wa wanafunzi anajibu kwa nani? Kwa waliomchagua, kwa utawala wa chuo, au kwa chama? Kila swali hilo lilipozuka, palikuwa na mtu aliyelipia.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa kwa wanafunzi 14 wa sheria, tena si Mlimani bali katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Watu 14 hawahitaji serikali, msikilizaji. Wanahitaji mtu mmoja wa kuwapelekea maneno kwa mkuu wa chuo na mwingine wa kutafuta mpira. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Hapo wanafunzi walishafika mamia, wana mabweni, wana chakula cha kupikiwa, na wana imani kwamba nchi nzima inawasubiri wamalize waje kuiongoza. Imani hiyo haikuwa ya bure. Wasomi walikuwa wachache mno, na kazi zilikuwa zinawangoja.

Kisha ikaja Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu lazima waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa takriban miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wangefanya kazi zao za kawaida huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 wanafunzi wakavaa majoho, katika joto la Dar es Salaam la mwezi huo, wakaandamana hadi Ikulu. Kulikuwa na bango lililosema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Mishahara ni mikubwa mno, akasema, wa kwake ukiwamo. Akatangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20, na wao akawarudisha makwao wakalime. Mamia walifukuzwa, ingawa wengi baadaye waliruhusiwa kurudi. Haikupita miezi minne likatangazwa Azimio la Arusha.

Nimewahi kusikia watu wakilisimulia tukio hilo kama ushujaa wa vijana, na wengine kama utovu wa adabu wa watoto waliodekezwa. Mimi naona walikuwa na haki ya kusema, ila walikuwa hawajajua wanasema kwa niaba ya nani. Walijibebea wenyewe tu. Mkulima wa Sengerema aliyelipa kodi ili wao wasome hakuwa na bango kwenye maandamano yale.

Waliorudi walikuta upepo umegeuka. Mwaka 1967 kikaundwa kikundi kilichojulikana kwa herufi USARF, cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Mlezi wao wa fikra, ingawa hakuwa na cheo hicho, alikuwa mwalimu wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney. Jumapili, wenzao wakiwa wamelala, hawa walikuwa darasani wakibishana juu ya Fanon na Marx. Mwaka 1968 Museveni na wenzake kadhaa wakavuka kwenda kuona maeneo ambayo FRELIMO ilikuwa imeyakomboa kaskazini mwa Msumbiji.

Kuna kisa kimoja cha mwaka huo huo wa 1968 ambacho nakipenda kuliko vyote. Chuo kilikuwa kimerithi kutoka vyuo vya Uingereza siku moja ya sherehe, ambayo wanafunzi huvaa matambara, hupanda magari na kuzunguka mjini wakifanya vichekesho na kuchangisha fedha za maskini. Wale wa USARF wakaona huku ni kumdhihaki maskini machoni pake. Hawakuandika waraka. Walikwenda kwenye magari yaliyoandaliwa kwa msafara wakatoa upepo kwenye matairi, na sherehe ikavurugika. Unaweza kucheka, lakini linganisha na majoho ya 1966. Ndani ya miaka miwili vijana wa chuo kile kile walikuwa wanagombana wao kwa wao juu ya namna ya kumheshimu mtu asiyekuwapo pale chuoni.

Novemba 1969 wakaanza gazeti lao, Cheche, chini ya wahariri wanafunzi kama Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, huyu tuliyekuja kumjua baadaye kama waziri wa fedha. Lilichapwa kwa mashine ya stensili. Toleo maalumu la 1970 lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, uliojadiliwa hadi nje ya mipaka. Novemba 1970 gazeti na kikundi vyote viwili vikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba nchi haihitaji itikadi ya kigeni. Naomba uangalie jambo moja hapo. USARF haikuchaguliwa na mtu, haikuwa na ofisi wala muhuri. Hata hivyo, ukitafuta wapi Mlimani ilifunza uongozi katika miaka ile, jibu litakupeleka kwenye kikundi hicho kuliko kwenye chama rasmi cha wanafunzi.

Chama rasmi nacho zamu yake ilikuja. Julai 1970 chuo kilikuwa kimejitenga na ndugu zake wa Makerere na Nairobi na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nyerere akiwa mkuu wa chuo, na Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji mkuu wa TANU, akiwa makamu mkuu wa chuo. Umoja wa wanafunzi ukaitwa DUSO. Rais wake mwaka 1971 alikuwa Symonds Akivaga. Alikuwa Mkenya! Wanafunzi ambao wengi wao walikuwa Watanzania walimpa kura mtoto wa jirani awaongoze, na hakuna aliyeona ajabu.

Februari ya mwaka huo TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliisoma ibara hiyo wakawageuzia mameneja wao. Wanafunzi nao walikuwa wanajua kusoma. Mwezi Julai Akivaga akamwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi kulalamikia uongozi wa maagizo usiosikiliza. Jibu lilikuja kwa gari la polisi. Askari wa kutuliza ghasia wenye silaha wakamchukua mbele ya wenzake, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wakasusia masomo, na walimu wengi wakasimama upande wao.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana kwa sababu hayana bunduki. Mgomo ulikwisha, Akivaga baadaye akaruhusiwa kurudi, na wawakilishi wa wanafunzi wakaongezewa nafasi katika vikao vya chuo. Vikao, msikilizaji! Kijana wa miaka 22 anakaa meza moja na maprofesa, ana makabrasha yake, anasikia bajeti ya maji na umeme, anagundua kwamba wali mbaya wa kafeteria una sababu nne na mbili kati ya hizo hazimhusu mpishi. Nathubutu kusema kiti hicho kwenye kamati kimezaa viongozi wengi kuliko jukwaa la Nkrumah. Jakaya Kikwete, aliyemaliza mwaka 1975, alipitia uongozi wa DUSO katika kipindi hicho kilichofuata.

Sasa twende Machi 1978, mwaka ambao ukiuweka pembeni ya 1966 utaona kitu cha kushangaza. Wabunge na mawaziri walikuwa wameongezewa maslahi. Tarehe 5 wanafunzi wakaingia barabarani kupinga. Safari hii hawakuwa wanadai posho yao. Walikuwa wanasema viongozi wanakwenda kinyume na Azimio la Arusha, na kwamba chama kilichohubiri kujinyima kinaanza kujipakulia. Kwa maneno mengine, walikuwa wanamrudishia Mwalimu maneno yake mwenyewe ya miaka kumi na miwili nyuma. Mwaka 1966 walifukuzwa kwa kujali mishahara yao. Mwaka 1978 wakafukuzwa, zaidi ya 350, kwa kujali mishahara ya wakubwa. Safari hii chama chao nacho kilivunjwa, na DUSO ikafutwa.

Mahali pake pakawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya Umoja wa Vijana wa CCM. Sitakaa sana hapa, kwa sababu hakuna mengi ya kukaa nayo. Wamo waliojitahidi ndani ya MUWATA, sikatai, lakini mfumo wenyewe ulikuwa umeshajibu swali letu: kiongozi anajibu kwa chama. Akitaka kusemea chakula kibovu au vitabu vinavyokosekana maktaba, lazima kwanza aangalie kama maneno yake hayataonekana ni uasi. Mshika mawili moja humponyoka, na lililomponyoka lilikuwa imani ya wanafunzi.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa kila mtu, na Mlimani vilevile: mabomba makavu, mabweni yaliyofurika, fedha za kigeni za kununulia vitabu hakuna. Ilipofika 1990 wanafunzi walikuwa wameshaikana MUWATA. Wakagoma kuingia madarasani, wakitaka Rais Mwinyi aje azungumze nao, na tarehe 12 Mei chuo kikafungwa. Kilibaki kimefungwa hadi mwaka ukaisha. Katika vurumai hizo za mwanzo wa miaka ya 1990 ndimo ilimozaliwa DARUSO, umoja unaojitegemea, usio tawi la chama chochote. Sheria ya kuruhusu vyama vingi ilikuja mwaka 1992. Mlimani ilikuwa imetangulia kidogo.

Ila nisiipambe miaka hiyo kupita kiasi. Februari ya mwaka huo huo wa 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Pale chuoni kulikuwa na desturi ya mabango yasiyo na jina la mwandishi, yaliyobandikwa ukutani kwa jina la Punch, ya kumchafua fulani na kumcheka fulani, na wasichana ndio waliokuwa wakiliwa nyama zaidi. Desturi hiyo ilikuwa imeachwa miaka na miaka kana kwamba ni utani. Waandishi wa habari wanawake, kupitia chama chao TAMWA, ndio waliolishupalia jambo hilo hadi taifa likasikia, na Punch ikapigwa marufuku. Vijana waliojua kuandika risala kali juu ya demokrasia ya nchi walishindwa kumlinda dada waliyekuwa wakipanga naye foleni moja ya chakula. Kwa hiyo unapouliza kiongozi anajibu kwa nani, kuna wakati jibu halikuwajumuisha hata wanafunzi wote.

Mambo yakabadilika tena, safari hii kwa upande wa mfuko. Katika miaka hiyo ya 1990 ikaja sera ya uchangiaji, na mwanafunzi aliyekuwa amezoea kusomeshwa bure akaanza kuchangia gharama. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi. Tangu hapo siasa za Mlimani zina neno moja kubwa, nalo ni bumu. Bumu ni fedha ya kujikimu. Imeingia? Haijaingia? Nani jina lake halipo? Waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi ni mtu anayetafutwa kuliko rais wake, na simu yake usiku hailali. Anapokea mtoto wa Namtumbo ambaye wazazi wote wamefariki na bado karatasi zinadai hajathibitisha. Anapokea mwingine ambaye amebebwa na rafiki kitandani bwenini, wawili godoro moja, kwa kuwa chumba hakupata.

Kuna watu wa rika la kina Akivaga wanaodharau haya. Wanasema sisi tulijadili ukombozi wa Bara la Afrika, hawa wanajadili ubwabwa. Mimi siwaungi mkono. Vijana wa 1970 walikuwa wanajadili ukombozi wakiwa wameshiba kwa fedha za umma, nao walikuwa wachache. Rais wa DARUSO leo ana watu makumi ya maelfu nyuma yake, na bumu ikichelewa wiki mbili kuna anayelala na njaa kweli. Mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hesabu wewe mwenyewe hapo ulipo: chai, mchana, usiku, chumba cha kupanga Changanyikeni au Sinza, nauli. Anayesimamia hesabu hiyo anafanya siasa ya kweli kabisa.

Ninachowalaumu, kama nina haki ya kulaumu, ni namna wanavyoisimamia. Njia imekuwa moja: tamko, makataa, kisha mshtuko. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi makataa ya saa 72 kushughulikia wanafunzi waliokwama. Kilichofuata ni viongozi kusimamishwa masomo na polisi kuingia kati, yaani Julai 1971 kwa mavazi mapya. Utawala wa chuo nao, kwa miaka hamsini, haujapata jibu jipya la barua kali. Hapo lawama yangu kwao ni kubwa zaidi, kwa sababu wanafunzi hubadilika kila mwaka, na utawala upo.

Hilo la kubadilika kila mwaka ndilo ninalotaka kulimalizia. Muhula wa uongozi ni mwaka mmoja. Kijana anachujwa ionekane kama matokeo yake yanaridhisha na hana sapu, yaani mtihani wa kurudia, anafanya kampeni kutoka kimbweta hadi kimbweta, anachaguliwa, anaitwa mheshimiwa, anateua baraza. Miezi miwili anajifunza ofisi iko wapi. Miezi miwili ni mitihani, na yeye naye anaogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, kama wengine. Likizo inaingia. Akirudi, anaowajua Bodi wamehamishwa, na kampeni za mrithi wake zimeanza. Serikali ngapi hapa duniani zingeweza kufanya la maana kwa ratiba hiyo?

Jirani zetu wana maradhi mengine. Nairobi walikuwa na umoja wa wanafunzi wenye sauti kubwa, SONU, uliomtoa hata kiongozi kama Titus Adungosi, aliyefungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 na kufia gerezani mwaka 1988. Baadaye umoja ule ukawa ngazi ya ubunge, kampeni za fedha nyingi na fujo, na mwaka 2016 sheria ikaondoa kura ya moja kwa moja: wanafunzi wawachague wajumbe, na wajumbe ndio wamchague kiongozi. Fujo zilipungua, wanasema. Lakini kuwahonga wajumbe mia ni rahisi kuliko kuwahonga wanafunzi elfu hamsini, na sijui kama waliotunga sheria hawakuliona hilo.

Kwa Mlimani ningetaka kitu cha bei nafuu zaidi: majalada. Tunayajua mambo ya Cheche leo kwa sababu waliokuwa wahariri walitunza nakala zao wenyewe, na baada ya miaka arobaini Karim Hirji na wenzake wakakaa wakaandika kitabu. Je, mihtasari ya DUSO iko wapi? Nani ana kumbukumbu za vikao ambavyo wanafunzi walikaa na maprofesa baada ya 1971, walishinda hoja gani, walishindwa zipi? Na karibu zaidi: waziri wa mikopo wa mwaka jana alifuatilia majina mangapi, yakaishia dawati gani, aliahidiwa nini na lini? Kama hayo yamo kwenye simu ya kijana aliyeshahitimu na sasa anatafuta kazi Mwanza, basi mrithi wake anaanza sifuri, na yule afisa aliyemwahidi anajua hivyo.

Msimu wa kampeni ukifika, wewe mwanafunzi unayenisikiliza ukiwa bwenini Mabibo au kwenye hosteli za Magufuli, watakuja wagombea na fulana na nyimbo. Watakuahidi bumu mapema, intaneti ya kasi na maji ghorofa ya nne. Wasikilize wote. Kisha muulize kila mmoja, kwa heshima, mbele za watu: mheshimiwa, umeshakwenda kumwona aliyekutangulia, na amekukabidhi nini kwa maandishi?